Canter ya zamani (au Hilux, au Land Cruiser) imegoma kuwaka: anzia hapa kabla hujashusha pampu

Kila baridi ya mwezi wa sita ikiingia, na kila mvua kubwa ikinyesha, maswali ni yaleyale. "Wakuu, gari inapiga stata fresh ila haiwaki, ninunue nozeli?" "Fundi kasema pampu imekufa, ni kweli?" Mwingine gari imezimika Mikumi, ana mzigo wa vitunguu nyuma, anataka ajibiwe saa hiyohiyo. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo naandika yote hapa, ukikwama fungua, fuata namba kwa namba.

Msimamo wangu ni huu: dizeli ya zamani ikigoma kuwaka, mara nyingi pampu (inayosukuma dizeli kwa presha) na nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) hazina kosa. Kosa liko kwenye betri, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari na injini), upepo kwenye dizeli, filta iliyoziba, au kifaa cha kuzimia kilichogoma kufunguka. Hivi vyote unavikagua mwenyewe kwa spana za kawaida. Pampu ikishashushwa umeingia gharama nyingine kabisa, na ikirudishwa vibaya unapata tatizo la pili ambalo hukuwa nalo.

Naongelea gari zenye pampu ya chuma tupu isiyoendeshwa na kompyuta. Canter za 4D32 na 4D33, Isuzu za 4BD1, Hilux za 2L, 3L na 5L, Land Cruiser za 1HZ na ndugu zao (hizo ni namba za injini). Kama yako ni komonreli (dizeli za kisasa, nozeli zinaendeshwa na kompyuta), au ni ya 1KZ-TE yenye pampu inayosikiliza umeme, sehemu ya betri na stata itakusaidia ila kwenye mafuta usifuate hapa, na kwenye komonreli usithubutu kulegeza bomba la nozeli, presha yake ni ya kuua.

Nadharia kidogo tu

Dizeli haina cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inapata moto mkali, halafu nozeli inapuliza mafuta mle ndani yanawaka yenyewe. Kwa hiyo injini inataka izungushwe kwa kasi ya kutosha, hewa iingie na ibanwe vizuri, na dizeli safi isiyo na upepo ifike. Kwenye baridi ongeza hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya injini kabla ya kuwasha. Basi. Kila unachokikagua chini hapa kinaangukia kwenye mojawapo ya hivyo.

Andaa hivi kabla hujafungua boneti (au kabla hujainua kabini)

- Multimita, hata ile ya bei ya chini kabisa. Bila hii unabahatisha tu.
- Testa ya taa. Kwa gari ya volti 24 weka balbu ya 24, ya 12 itaungua hapohapo.
- Spana za 10, 12, 14, 17 na 19, bisibisi bapa, plaizi, brashi ya waya.
- Dumu la lita 5 lenye dizeli safi, na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kama mita moja na nusu, na klipu zake.
- Filta mpya ya dizeli, na washa za kopa (vile vipete bapa vya shaba) za bolti za bomba. Washa zile ni hela ndogo sana lakini ndizo zinaingiza upepo.
- Matambara, miwani ya kukinga macho, tochi. Tochi, sio kibiriti wala njiti ya mtu anayevuta sigara pembeni.
- Mtu wa kukupigia stata, na mkubaliane kabisa maneno: "piga" na "acha". Asipige kitu mpaka umwambie.

Weka hendibreki, gia fri, jiwe kwenye tairi mbele na nyuma. Kabini ya Canter ukiinua hakikisha chuma cha kushikilia kimeingia kwenye loki yake, kabini ikikurudia mgongoni hakuna wa kukusimulia.

Maswali ya kujijibu kwanza

Gari ilizimika inatembea au ililala vizuri ikagoma asubuhi? Kuna kitu kiliguswa jana, filta, tanki, betri, waya wa redio? Ilijazwa mafuta wapi mara ya mwisho? Imepita kwenye maji mengi? Usiyaruke haya. Gari iliyobadilishwa filta jana na leo haiwaki, unaenda moja kwa moja hatua ya 6, huna sababu ya kugusa betri. Na iliyojazwa petroli kwa bahati mbaya usiipige stata hata mara moja zaidi, ishushwe mafuta yote kwanza, petroli hailainishi pampu.

Na kama gari imezimikia kwenye maji, tuseme umepita Jangwani siku ya mafuriko ukaona maji yamefika usawa wa taa, ACHA STATA. Maji hayabanwi. Yakiwa juu ya pistoni na wewe unapiga stata unapinda konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni), na hapo ndipo injini nzima inafumuliwa kwa sababu ya dakika moja ya haraka. Fungua filta ya hewa uangalie kama karatasi imelowa. Ikiwa imelowa, toa hita plagi zote au nozeli, injini izungushwe taratibu maji yatoke kwenye matundu hayo, angalia na oili kama imegeuka rangi ya maziwa.

Hatua kwa hatua

1. Washa ufunguo, piga stata, sikiliza

Usiangalie chochote bado, sikiliza tu. Kuna majibu manne.

Kimya kabisa, hata tak hakuna: umeme haufiki kwenye stata. Angalia fyuzi kubwa, rele ya stata, swichi ya ufunguo, na taminali za betri.

Tak-tak-tak-tak ya haraka: betri imechoka au taminali imelegea. Nenda hatua ya 2.

Tak moja nzito halafu basi: solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) inashika lakini mota haizunguki. Inaweza kuwa kaboni za stata zimeisha, kopa za ndani zimeungua, au injini yenyewe imegoma kuzunguka. Mwambie mwenzio aendelee kushika ufunguo sekunde mbili tatu, wewe gonga mwili wa stata kidogo kwa mpini wa nyundo. Ikizunguka umepata jibu, kaboni zimeisha, hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Inazunguka: vizuri, ila je kwa kasi ya kawaida yake? Wewe ndiye unaijua sauti ya gari yako. Inayozunguka kivivu kama inapanda mlima, rudi kwenye betri na nyaya hata kama taa zinawaka kali. Inayozunguka kirahisi mno, nyepesi kuliko siku zote, na ni Hilux au 1HZ, simama hapohapo. Gari hizo zina timing belti ya mpira (mkanda unaoendesha valvu na pampu), ikikatika kuendelea kupiga kunaongeza madhara. Toa kava ya juu uangalie. Belti hizo ni za kubadilisha kila kilometa 100,000 na wengi mnaonunua mkononi hamjui ilibadilishwa lini. Canter za 4D32 na 4D33 zinatumia gia, hilo halikuhusu.

Kosa kubwa la hatua hii ni kung'ang'ania. Piga sekunde 10, zikizidi sana 15, pumzisha dakika nzima. Stata inaungua haraka kuliko unavyodhani, na betri unaimaliza kabla hujajua tatizo ni nini.

2. Betri, taminali, ethi

Canter nyingi na Isuzu ni volti 24, yaani betri mbili za 12 zimefuatana. Pima kila moja peke yake. Nzima iliyojaa inasoma 12.6 hivi ikiwa imepumzika, 12.2 iko nusu, chini ya 12.0 hiyo ni tupu. Ukikuta moja 12.6 na nyingine 11.8 usishangae, karibu kila Canter yenye redio ya volti 12 iliyochomekwa kwenye betri moja inakuwa hivyo. Redio, taa za urembo, chaja ya simu, vyote vinanyonya betri moja na ile nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa. Dawa ni kifaa cha kushusha volti kutoka 24 kwenda 12, sio kununua betri kila mwaka. Na ukibadilisha, badilisha zote mbili, saizi moja. Mpya ukiifunga na kuukuu, mpya inazeeka mapema.

Sasa pima wakati stata inapigwa. Betri ya 12 isishuke chini ya 9.6 hivi, kwa mbili maana yake 19 na kidogo. Ikishuka kuliko hapo betri haina nguvu hata kama ilisoma 12.6 ikiwa imekaa.

Betri ziko fresh na bado stata ni vivu? Hapa ndipo watu wanapoteza hela kununua stata. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, sio kwenye taminali, nyingine kwenye bloku ya injini sehemu isiyo na rangi wala grisi. Mwenzio apige stata. Ikisoma zaidi ya 0.5 basi ethi yako ni mbovu, umeme unapotelea njiani. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka bolti kubwa ya stata. Ukipata waya mbovu, fungua, piga brashi mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu. Ule waya wa ethi kutoka chesisi kwenda kwenye injini unaozaga ndani ya mpira wake, kwa nje unauona mzima.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye taminali mwagia maji ya moto yenye magadi, utachemka wenyewe, suuza, kausha, funga halafu paka grisi au vaselini juu. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa magadi yasiingie ndani.

Onyo la kubusti: gari ya 24 inabustiwa na gari ya 24. Usilete Noah ya mtu ya volti 12 ukaiunga kwenye Canter, utaunguza vitu vya watu na betri inaweza kupasuka. Chanya kwa chanya, waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, maana betri inayochajiwa inatoa gesi na cheche ikitokea pale juu ni mlipuko wa asidi usoni.

3. Inazunguka vizuri lakini haiwaki: nenda kaangalie eksozi

Hii hatua haina gharama yoyote na inagawa tatizo nusu kwa nusu, lakini wengi wanairuka. Simama nyuma, mwenzio apige stata sekunde 10.

Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki kwenye silinda. Nenda hatua ya 4, 5, 6 na 7.

Moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu ya dizeli mbichi: dizeli inafika ila haiwaki. Hapo ni joto, kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda), au muda wa kupuliza. Nenda hatua ya 8 na 10.

Moshi mweusi na inataka kuwaka inakufa: hewa haitoshi, nenda hatua ya 9.

4. Kifaa cha kuzimia

Gari hizi huzimwa kwa kukatwa mafuta. Kikibaki kimefunga, unaweza kupiga stata mpaka kesho kutwa.

Hilux na 1HZ zina solenoidi ndogo juu ya pampu, yenye waya mmoja. Washa ufunguo na uzime, utasikia tak ndogo pale kwenye pampu. Husikii? Pima waya wake, ufunguo ukiwa umewashwa lazima kuwe na volti za betri. Umeme upo lakini tak haipo, solenoidi imekufa. Umeme haupo, ni fyuzi au waya, na unaweza kuvuta waya wa muda kutoka chanya ya betri kuigusisha ili ujue. Angalia volti ya gari yako kwanza.

Canter na Isuzu nyingi zina mkono wa kuzimia ubavuni mwa pampu, unavutwa na kebo, na mota ndogo, au na kifaa cha vakyumu, inategemea toleo. Mwenzio awashe ufunguo, wewe angalia mkono umerudi sehemu ya kukimbia au umebaki umevutwa. Usukume kwa kidole. Kama umeganda kwa vumbi na dizeli iliyokauka, nyunyizia oili nyepesi uchezeshe mpaka urudi wenyewe. Kebo ya kuzimia iliyopata kutu inafanya hivihivi, dereva anadhani ameirudisha kumbe imerudi nusu.

5. Tanki, maji, filta

Geji ya mafuta ya gari ya zamani usiiamini, chomeka kijiti safi kwenye tanki. Ukifungua mfuniko ukasikia "fyuuu" hewa ikiingia, tundu la kupumulia limeziba na tanki lilikuwa linavutana na pampu.

Chini ya filta kuna bakuli la kutenganisha maji lenye skrubu chini. Fungua kidogo, kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, acha itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Maji mengi usiishie hapo, shusha na tanki, maana yanayokuja bado yapo. Ukinusa mafuta ya taa umeuziwa ya kuchakachua. Tanzania mafuta yanawekwa kinasaba (alama ya kugundua yaliyochakachuliwa) tangu 2010, na Kenya mwaka 2018 waliweka tozo kwenye mafuta ya taa ili watu waache kuchanganya, lakini dumu la njiani hakuna aliyelipima. Mafuta ya taa hayalainishi pampu, plunja (vipistoni vya ndani ya pampu) zinalika kimyakimya.

Filta kama huna kumbukumbu ilibadilishwa lini, badilisha. Jaza mpya dizeli safi kabla ya kufunga, paka mpira wake dizeli kidogo, ondoa mpira wa zamani usibaki umeganda juu ukafunga mpira juu ya mpira. Hilo la mipira miwili nimeliona sana, upepo unaingia na mtu anasema filta ni feki.

Na hii andika pembeni, kwa Canter na Isuzu zenye pampu ya mstari (ile ndefu, plunja zimejipanga kwenye mstari): ile pampu ndogo iliyobandikwa ubavuni, yenye kitufe cha kupampu kwa mkono, bolti ya bomba linaloingia ina chujio dogo ndani yake. Dogo kama kifuniko cha kalamu. Huziba kwa utelezi na kutu ya tanki, na mafundi wengi hawalijui au wanalisahau. Fungua, osha kwa dizeli, puliza, rudisha na washa mpya.

6. Kutoa upepo

Dizeli ikiishiwa mafuta au ukibadilisha filta, upepo unaingia, na upepo haupulizwi na nozeli, unabanwa tu ukirudi. Fuata mpangilio huu, kutoka kwenye tanki kwenda kwenye injini, usianze mwisho.

a) Legeza skrubu ya upepo juu ya filta. Pampu kwa mkono. Zitatoka povu, halafu dizeli yenye vipovu, halafu dizeli tupu. Funga skrubu huku bado unabonyeza.

b) Pampu ya mstari ina skrubu yake ya upepo pia, rudia palepale. Hilux na 1HZ unapampu kile kitufe cha juu ya filta mpaka kiwe kigumu.

c) Legeza nati za bomba kwenye nozeli, nusu mzunguko tu, usizitoe. Mbili kwanza, sio zote. Mwenzio apige stata. Dizeli itatoka kwa kudunda, funga, hamia nyingine mbili. Injini ikianza kuwaka na silinda moja inagonga, subiri, itajisafisha.

Onyo, na hili silirudii: usiweke mkono wala uso mbele ya bomba au nozeli iliyofunguliwa. Nozeli ya gari hizi inapuliza kwa zaidi ya bar 100, mafuta yanapenya ngozi kama sindano na mtu anaweza kukatwa kidole au mkono. Ukiona katundu kadogo tu na hakatoi damu, nenda hospitali siku hiyohiyo uwaambie ni mafuta ya presha, usisubiri kivimbe.

Kitufe cha mkono kinabonyea tu hakikazi hata ukipampu sana? Inavuta upepo mahali kabla ya hapo, au mpira wa ndani wa kitufe umepasuka, au valvu zake zimechoka. Hatua inayofuata itakuambia ni wapi.

7. Jaribio la dumu

Mimi hili ndilo ningelifanya hata kabla ya filta kama niko barabarani. Toa mpira unaotoka kwenye tanki, pale unapoingia kwenye filta. Chomeka mpira wako wa plastiki, upande wa pili uingie kwenye dumu la dizeli safi lililofungwa juu kuliko pampu. Filta ibaki njiani, usiunge dumu moja kwa moja kwenye pampu. Toa upepo, piga stata.

Ikiwaka, tatizo liko kati ya tanki na filta, mpira umepasuka, klipu imelegea, au bomba la ndani ya tanki lina tundu au limeziba. Isipowaka na mpira wako unaonyesha dizeli haishuki kabisa, filta au pampu ndogo imeziba. Isipowaka na dizeli inashuka vizuri, rudi hatua ya 4, halafu ndiyo uanze kuishuku pampu. Na ukiona vipovu vinapita mfululizo kwenye ule mpira wa plastiki, fuata vipovu, hapo huhitaji mganga.

Mipira ya dizeli inaweza kuwa mikavu kabisa kwa nje na bado inavuta upepo, kwa sababu kule mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Kwa hiyo "mbona haivuji" sio jibu.

8. Hita plagi

Injini kama 3L na 1HZ zinapuliza kwenye kichumba cha pembeni, zinazitegemea sana hita asubuhi. 4D33 inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni, Dar itawaka hata hita zote zikiwa zimekufa, ila ipeleke Makete au Njombe mwezi wa saba utaona.

Washa ufunguo, pima kama umeme unafika kwenye ule utepe wa chuma unaounganisha plagi. Haufiki, ni rele au fyuzi. Unafika, toa utepe, funga testa ya taa kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa kali ni nzima, isiyowasha imekufa. Mbili zikifa kati ya nne gari itawaka kwa shida, itagonga na kutoa moshi mweupe dakika ya kwanza.

Wengi mmewekewa swichi ya kengele ya mlangoni ya kuwashia hita kwa mkono. Sio vibaya, ila ukishika sana unaziunguza na ncha zinaweza kuvimba zisitoke tena. Sekunde 10 zinatosha mahali pengi.

9. Hewa

Toa filta ya hewa, piga stata bila filta kwa sekunde chache tu. Panya wanajenga humo gari ikikaa, sio utani. Halafu Canter na Isuzu zina eksozi breki, ile sahani kwenye bomba la moshi. Ikiganda imefunga, moshi hautoki na injini haiwaki, au inawaka inakufa. Chezesha mkono wake kwa koleo.

10. Kompresheni

Ukifika hapa na bado, gari inawaka kwa kuvutwa tu, mfuniko wa oili ukiutoa (ikiwa imewaka) inapumua moshi kama jiko la kuni, basi ringi (pete za pistoni) au valvu zimechoka. Fundi apime kwa geji. Nzima nyingi husoma kati ya bar 25 na 30 na zaidi, ikishuka chini ya 20 au silinda zikipishana sana, kupiga dawa hakusaidii.

Makosa ambayo kila wiki mtu anayafanya

Kupulizia dawa ya kuwashia au petroli kwenye filta ya hewa. Hita ikiwa na moto inalipukia kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa), na hata isipolipuka inaweza kupasua ringi. Ukitumia sana gari inazoea, na "kuzoea" kwenyewe maana yake kompresheni inazidi kuisha.

Kuwasha moto wa matambara chini ya tanki au injini kwa sababu ya baridi. Waliochoma malori yao kwa njia hii walikuwa na uhakika kama wewe.

Kuvuta gari ambayo betri imekufa kabisa wakati solenoidi ya mafuta inahitaji umeme. Itavutwa mpaka Chalinze, haiwaki. Na ukivutwa kumbuka breki ni nzito mno injini ikiwa imezimwa, na usukani pia. Gia ya pili au ya tatu, mwendo mdogo, achia klachi taratibu.

Kuzungusha pampu "kuongeza muda" bila kuweka alama. Piga mstari wa patasi kwanza, kwenye pampu na kwenye bodi.

Dalili na pa kushika

Inagoma asubuhi tu, ukipampu mkono inawaka: mafuta yanarudi kwenye tanki usiku. Mpira, washa za kopa, au valvu ya kurudishia kwenye pampu ambayo springi imekufa.

Inawaka sekunde kumi inazima: filta, chujio dogo, au tundu la tanki. Au upepo haujaisha.

Asubuhi inawaka fresh, ikipata moto ukizima haiwaki mpaka ipoe: kwa Hilux na 1HZ hiyo ni dalili ya pampu iliyolika ndani. Lowesha tambara maji ya baridi, lifunike juu ya kichwa cha pampu dakika kadhaa, usimwage ndoo. Ikiwaka baada ya hapo, sasa ndiyo una haki ya kusema pampu.

Stata inazunguka peke yake kwa kelele, injini imetulia: bendeksi (gia ndogo ya stata), au meno ya ringi gia yamelika sehemu moja. Sogeza injini kidogo kwa spana kwenye puli ya kranki ujaribu tena.

Betri zinakufa kila siku mbili: gari ikiwa inawaka pima, 27 mpaka 28.5 kwa gari ya 24, 13.8 mpaka 14.4 kwa ya 12. Chini ya hapo ni alteneta au fan belti.

Solenoidi ya mafuta imekufa na uko porini: ifungue, toa kile kijiti na springi yake, rudisha solenoidi tupu, itawaka. Ila kuzima kwa ufunguo hakutakuwepo, utazima kwa kuweka gia kubwa, kukanyaga breki na kuachia klachi. Ni ya kufika mjini tu, maana injini ikichanganyikiwa hutakuwa na cha kuikata mafuta.

Umepita yote na tambara la maji limesema pampu? Peleka kwa mwenye mashine ya kupimia, sio wa kufungua kwenye benchi la mbao akakisia. Nozeli mwambie azipime mbele yako, uone zinapuliza ukungu au zinachuruzika. Na zikirudi kwenye injini, washa zake za chini ziwe mpya zote, usikubali zile za zamani zimechomwa moto zikarudishwa.